Je, Inafaa Kukusanya na Kuuza Hatifungani za Kale za Wakati wa Vita?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, na tangu ujanani hukusanya sarafu, stempu na karatasi za kale. Siku hizi nimeingia katika hatifungani za serikali za wakati wa vita. Ninayo moja ya majimbo ya kusini ya Marekani ya mwaka 1863, ambayo picha yake nimekutumia, na mbili za Ujerumani za mwaka 1917. Sasa kuna muuzaji wa ng'ambo anayetaka kuniuzia ya serikali ya Marekani ya mwaka 1943. Kaka yangu ameniambia kwamba karatasi hizi zote ni za riba, na kwamba hata kuziweka nyumbani ni haramu, seuze kuziuza kwa faida. Naomba unifafanulie.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Ndugu yangu, hofu ya kaka yako ina msingi, na namwombea heri kwa kukujali. Hatifungani ni hati ya deni: mtu huikopesha serikali fedha zake, nayo serikali humwahidi kumrudishia rasilimali pamoja na ziada iliyokwisha kupangwa. Ziada hiyo ndiyo riba yenyewe, na haibadiliki kuwa halali kwa sababu mkopaji ni dola au kwa sababu fedha zilikwenda kununua baruti. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 liliamua wazi kwamba hati za namna hii ni haramu kuzitoa, kuzinunua na kuziuza, ziwe za serikali au za watu binafsi. Katika Hadithi ya Jabir aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) alimlaani mla riba, mwenye kuilipa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema kuwa wote ni sawa. Kwa hivyo hakuna mlango wa kusema kwamba ukale wa karatasi peke yake unaihalalisha.

Lakini wanavyuoni wamethibitisha kwamba hukumu huzunguka pamoja na sababu yake, ikiwapo huwapo na ikiondoka huondoka. La kuuliza, basi, ni hili: ndani ya karatasi uliyoishika, deni bado lingali hai?

Nimeitazama kwa makini picha ya hati yako ya mwaka 1863. Chini ya maandishi makubwa kuna safu za kuponi ndogo, kila moja ina tarehe yake na kiasi cha riba ya miezi sita, na mwenye hati alikuwa akizikata kwa mkasi moja baada ya moja akaenda kulipwa. Safu za juu zimekatwa, na za chini zote zimebaki. Hazikubaki kwa ukarimu wa mwenyewe, bali ni kwa kuwa dola iliyoziahidi, yaani ile ya majimbo ya kusini yaliyoasi na kujitenga na Marekani, ilianguka mwaka 1865, na mwaka 1868 Katiba ya Marekani ikafanyiwa marekebisho ya 14 yanayotamka kwamba madeni ya waasi wale ni batili na hayatalipwa kamwe. Hapo hakuna mdaiwa, hakuna deni wala ziada ya kungojewa. Anayeinunua leo hanunui riba. Ananunua karatasi ya kale kama anavyonunua barua au ramani.

Za Ujerumani ni karibu na hiyo. Raia walihimizwa kukopesha vita kwa ahadi ya asilimia 5 kwa mwaka, na wengi walitoa akiba ya maisha yao. Kisha mfumuko wa bei ukaila sarafu yao hata ikafika Novemba 1923 dola moja ya Marekani kwa marki trilioni 4.2. Serikali iliyozitoa hati hizo nayo haipo tena, na anayezinunua leo hangojei malipo yoyote.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, miongoni mwa masharti ya kitu kinachouzwa ni kuwa kiwe na manufaa yanayokubalika kisheria, na mtu anaweza kuuliza karatasi iliyokufa ina manufaa gani. Naona kuwa kujua historia ni manufaa ya kweli, hasa kwetu sisi ambao babu zetu walibebeshwa mizigo ya vita vya 1914 hadi 1918 katika nchi hii, vita vilivyolipiwa kwa mikopo ya aina hiyohiyo. Hata hivyo, ile ya 1863 ilitolewa na dola iliyoasisiwa ili kulinda utumwa. Mtu wa pwani hii hapaswi kuitundika ukutani kama pambo la fahari. Ihifadhi kama ushahidi wa dhuluma, na watoto wako uwaeleze hivyo.

Ile ya 1943 ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo ninapokuomba usimame. Marekani ilianza kuuza hatifungani za herufi E mwaka 1941; ndogo yake ilinunuliwa kwa dola 18.75, ikalipwa dola 25 baada ya miaka kumi. Hatifungani hizo zimekwisha kuacha kuongezeka, lakini serikali ingali inazilipa kwa yule ambaye jina lake limeandikwa juu yake au kwa warithi wake, na haki hiyo haihamishwi kwa kuuzwa. Basi mwulize muuzaji, anakuuzia nini? Akisema anakuuzia deni, anakuuzia asichoweza kukukabidhi, na ndani yake mna riba. Akisema ni karatasi tupu, huenda inashikilia haki ya mjane au yatima asiyejua kuwa ipo. Kwa maoni yangu usiinunue. Na lau mtu atarithi hati kama hiyo kihalali, aya ya 279 ya Suratul Baqara imempa rasilimali yake. Ziada iliyo juu yake aitoe kwa mafukara au kwa maslahi ya umma ili ajitakase nayo, bila ya kuihesabu kuwa sadaka yake.

Kuuza zile zilizokufa kwa faida kunafaa, kwa kuwa hizo ni bidhaa wala si fedha, na unaweza hata kulipwa kwa awamu. (Kwa kuwa unakusanya sarafu pia, jihadhari na ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916: hiyo ingali dhahabu, na kununua dhahabu kwa shilingi lazima kuwe mkono kwa mkono, bila ya kukopeshana.) Sharti kubwa ni ukweli. Wako matapeli wanaouza hatifungani za kale wakidai kwamba serikali italipa mamilioni kwa dhahabu, na Hazina ya Marekani yenyewe imetahadharisha juu yao. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, akasema mwenye kutughushi si katika sisi. Basi mweleze mnunuzi wako kwa maandishi kwamba hati haina malipo yoyote, na kama imetiwa viraka au ni nakala, umwonyeshe.

Zaka haikuwajibikii kwa zile unazozihifadhi tu. Zile ulizozinunua kwa nia ya kuziuza ni mali ya biashara: kila mwaka wa Hijria ukitimia, zikadirie kwa bei ya soko ya siku hiyo, uzijumlishe na fedha zako, na zikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, utoe asilimia 2.5.

Soma jibu hili pamoja na kaka yako, na muuzaji wa ile ya 1943 mwandikie kwamba umejitoa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.