Ngazi ambazo Arua hazipo: kupima makuzi ya mtoto kwa fomu ya kimataifa

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, huku Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Tumepewa fomu ya kupima makuzi ya watoto wa chini ya miaka 3, tukaambiwa ndiyo hiyo hiyo inayotumika nchi nyingine. Msichana wa miezi 22 ameshindwa mambo matatu: kupanda ngazi, kupanga vibao, na kuunganisha maneno mawili. Urefu nao, sentimita 78 akiwa amesimama, umemweka chini ya mstari wa kudumaa. Mama yake amelia. Mimi namwona mtoto mzima kabisa. Nimekosea mimi, au fomu?

JIBU: Dada, kwenye urefu umekosea wewe, na pole, ni kosa ninaloliona kila wiki. Chati ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka 2006, kwa umri wa chini ya miaka miwili, ni ya mtoto aliyelazwa juu ya ubao. Ukimpima amesimama, unaongeza sentimita 0.7. Mstari wa kudumaa kwa msichana wa miezi 22 ni sentimita 78.4, kwa hiyo huyu wa 78.7 yuko juu yake, ingawa kwa kidogo sana. Mlaze, mmoja ashike kichwa, mwingine anyooshe magoti, na kama amesukwa mafundo utosini yafumuliwe kwanza. Hakikisha pia tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi ya chanjo. Umri huu mwezi mmoja tu unasogeza mstari karibu sentimita nzima, na "alizaliwa wakati wa mavuno" si tarehe.

Chati yenyewe usiitilie shaka. Walifuatiliwa watoto kama 8,500 wa Brazili, Ghana, India, Norway, Omani na Marekani, wote walionyonya vizuri na kuishi pasipo na moshi wa sigara wa mama, wakaonekana wanarefuka karibu sawa. Kwa hiyo "sisi kabila letu ni wafupi" haimwokoi mtoto wa umri huo.

Makuzi ya akili na viungo ni habari nyingine. Urefu mtoto anao tu, lakini ujuzi unapimwa kwa kazi, na kazi hutoka nyumbani kwa mtu. Ngazi! Nyumba za huko kwenu ngapi zina ngazi? Huyo msichana hakushindwa, hajawahi kuziona. Mpe kizingiti cha mlango au kichuguu. Vibao vilevile: mpe vizibo vya soda au masanduku ya kiberiti uone.

Hata katika kutembea, ambako watoto wa dunia wanafanana sana, upana ni mkubwa. Katika utafiti uleule wa chati, watoto wenye afya waliachia mkono na kutembea wenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6, na asilimia 4 hivi hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Malezi nayo yanasukuma. Miaka ya 1950 Marcelle Geber, mtafiti Mfaransa, alipima watoto wa Kampala akawakuta wametangulia wenzao wa Ulaya kwa viungo mwaka wa kwanza. Ukiona bibi anavyomkalisha mjukuu mkekani, kamzungushia nguo pande zote, hutashangaa.

Sasa maneno. "Kuunganisha maneno mawili" ni swali lililozaliwa katika Kiingereza. Mtoto akikuambia "Sitaki!" ametoa neno moja, lakini ndani yake kuna mtenda, ukanushi na kitendo. Hiyo ni sentensi. Na kama nyumbani wanasema Kilugbara na Kiswahili, hesabu maneno ya lugha zote mbili pamoja. Tena usimhoji wewe. Mtoto aliyefundwa kunyamaza mbele ya mgeni atakunyamazia, nawe utaandika sifuri. Muulize mama.

Wanaotengeneza vipimo vya nchi nyingi wanalijua tatizo hili. Kipimo cha makuzi kiitwacho GSED, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani 2023 kwa watoto hadi miezi 36, kilijaribiwa kwanza Bangladesh, Pakistani na Pemba. Hesabu yake hupa kila swali uzito wa ugumu wake, kisha huchungulia: watoto wa uwezo uleule, nchi mbili tofauti, wanalijibu sawa? Swali linaloangusha upande mmoja hutupwa, au hupewa uzito wake wa pekee kwa nchi hiyo. Yanayobaki ndiyo daraja la kulinganishia.

Lakini soma kusudi lake: ni kupima watoto wengi kwa pamoja, wilaya au taifa. Hakikuundwa kumwambia mama mmoja kwamba mwanawe ana kasoro. Fomu yenu waulizeni walioileta imejaribiwa wapi, na kwa lugha gani.

Kwa mtoto mmoja, mpeleke kituo cha afya haraka ikiwa haitiki akiitwa jina, hajatembea na amepita miezi 18, au amepoteza alichokuwa anakijua, mathalani alisema "mama" na sasa hasemi. Huyu wako mpime upya amelala wiki hii, na ukitoka pale mwambie mama namba mpya kabla hujaiandika kitabuni.