Kabla hujaipeleka ngozi ya kidonge kwenye maji ya ardhini

Wanafunzi wa famasia na wa uhandisi wa mazingira huniuliza swali moja kwa sura nyingi: vile vidonge vinavyopita tumboni salama na kufungukia kwenye utumbo mwembamba, je, ufundi wake unaweza kusafisha maji yaliyochafuka? Unaweza. Mimi nilijifunza kupaka tembe kwanza, maji ya visima yakaja baadaye, na ninachowaambia wote ni hiki: yasome maji kwanza, polima, yaani kitu kinachotengeneza ngozi ya kidonge, uichague mwisho. Wengi huja na polima tayari mkononi, wakitafuta pa kuitumia, na hapo ndipo miezi ya maabara inapopotea.

Nianze na ngozi yenyewe. Dawa kama diklofenaki na omeprazoli hufunikwa kwa polima yenye vikundi vya asidi. Tumboni, ambako pH, kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi, ni kati ya 1 na 3, vikundi hivyo hubaki vimeishika hidrojeni yao na ngozi haiyeyuki. pH ikipanda vinaiachia, vinapata chaji hasi, polima inavuta maji, inavimba na kuyeyuka. Eudragit, jina la biashara la polima za namna hii, iliyoanzia Ujerumani miaka ya 1950, ina aina zinazofunguka kwa viwango tofauti: L100-55 kwenye pH 5.5, L100 kwenye 6, S100 kwenye 7. Kwa hiyo unao uwezo wa kuchagua ni lini kilichomo ndani kitoke, bila betri, bila pampu, bila mtu wa kusimama pale.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa nitrati, chumvi inayotoka kwenye uchafu wa vyoo na kuingia visimani, kwa sababu tatizo lenyewe tunalo mijini kwetu, visima na vyoo vya shimo vikiwa vimebanana kwenye kiwanja kimoja. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni vizuri nitrati ikizidi. Wapo bakteria wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni ukiwapa chakula cha kaboni, kama ethanoli. Lakini kazi yao hula ioni za hidrojeni, pH inapanda. Kati ya 7 na 8 wanafanya kazi vizuri. Ikizidi sana wanazorota na nitriti, hatua ya katikati ya kazi yao, inarundikana, nayo kikomo chake ni miligramu 3 tu kwa lita. Ukiwalisha bila kuiangalia pH, unaweza kuyaacha maji yakiwa na sumu kali kuliko ulivyoyakuta.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, walichukua chembe za fosfeti yenye asidi, chumvi ya potasiamu, wakazipaka polima ya vidonge inayofunguka karibu na pH 7. Bakteria wakiipandisha pH, ngozi inayeyuka, fosfeti inatoka na kuirudisha pH chini. pH ikishuka, chembe zilizobaki zinatulia. Walianza na chupa za maabara, wakaenda kwenye udongo wa chini ya ardhi, kisha kwenye mirija iliyosimamishwa na kujazwa mchanga. Mpaka leo nikiufundisha mfano huu nafurahi: bakteria wenyewe ndio wanaoita dawa, kwa kiasi wanachohitaji.

Sasa ushauri. Jambo la kwanza ni kujua pH ya maji yako itaelekea wapi. Kwenye nitrati inapanda, lakini viyeyusho vya klorini vikivunjwa na bakteria hutoa asidi ya hidrokloriki, na maji yanayopita kwenye mawe ya migodi yenye salfaidi huwa na asidi tangu mwanzo. Huko ngozi ya diklofenaki itabaki imefunga milele. Unahitaji ile inayofunguka kwenye asidi: Eudragit E, chini ya pH 5, au kitosani, ambayo huyeyuka chini ya 6.5 hivi. Kitosani hutokana na maganda ya kamba na kaa, mabaki ambayo pwani yetu inayo, ila kuitengeneza kunadai asidi na soda kali. Usianzishe mradi wa kusafisha maji huku maji ya kuoshea maganda unayamwaga mtaroni.

Jambo la pili ndilo ninaloling'ang'ania kuliko yote: pima bikaboneti, chumvi iliyomo majini inayoizuia pH isisogee. Wengi huja na kipimo cha pH peke yake, na pH peke yake haikuambii maji yana ukaidi kiasi gani. Chukua maji ya kisima, dondoshea asidi uliyoipima mpaka pH ifike 4.5 hivi, andika umetumia asidi kiasi gani. Kazi ya asubuhi moja, na haina gharama kubwa. Visima vya kwenye mawe ya matumbawe, kama vya Unguja, kwa kawaida vina bikaboneti nyingi, na bakteria wanaweza kuimaliza nitrati yote huku pH ikisogea kidogo sana. Hapo ngozi ya pH ni fedha iliyotupwa. Nimewahi kumshauri mwanafunzi aache mada yake kwa sababu hiyo tu, akaumia, lakini maji ndiyo yaliyokwisha kumjibu.

Tatu, usiamini kipimo cha kiwanda cha dawa. Kidonge cha aina hii hupimwa kwa saa mbili kwenye asidi ya hidrokloriki, halafu kwenye bafa, yaani mchanganyiko unaoizuia pH isibadilike, ya fosfeti ya pH 6.8, katika joto la mwili, nyuzi 37. Maji ya ardhini hayana fosfeti ya kutosha, hayana joto hilo, na hayana haraka hiyo. Kwenye bikaboneti ngozi huyeyuka polepole kuliko kwenye bafa ya fosfeti ya pH ileile, kwa sababu asidi ya polima yenyewe huishusha pH pale pale kwenye uso wa chembe, na bafa dhaifu inachelewa kuirudisha. Kwa hiyo chembe inayofunguka vizuri kwenye bafa ya maabara inaweza kusinzia kisimani.

Upande wa pili una hatari yake pia. Ngozi iliyovumilia saa mbili haijathibitisha kwamba itavumilia miezi miwili. Maji hupenya taratibu hata pale ambapo pH haijafika. Ndiyo maana kila jaribio langu lina chupa ambazo wengi huziona za kupoteza muda: chembe kwenye maji halisi ya kisima, pH ikiwa chini ya kiwango cha kufunguka, bila bakteria, na ninaipima fosfeti inayovuja wiki hadi wiki. Chupa hizo zimenifundisha kuliko zote.

Kumbuka pia kwamba chembe ikishafunguka haijifungi tena. Zikiwa zote za unene mmoja zitafunguka kwa pamoja na kuishusha pH kupita kiasi. Changanya unene tofauti wa ngozi. Na usitegemee kuzisukuma kupitia mirija ya kisima zikasambae, mchanga huzichuja. Kuzilaza kwenye mtaro unaokatiza mkondo wa maji ya chini kuna uwezekano zaidi, pale maji yasipokuwa ya kina kirefu.

Fosfeti nayo uifuate inakokwenda. Kama maji yako ya ardhini huishia kwenye kijito kinachoingia Ziwa Victoria, unalisha mwani na gugumaji ambao tayari wamewachosha wavuvi. Hapo fikiria bafa nyingine.

Kwa walio Tanzania, kabla ya kuweka chochote ardhini ongea na bodi ya maji ya bonde lako na chombo cha taifa kinachosimamia mazingira, na usikubali kujaribia kwenye kisima ambacho watu wanachota. Chimba visima vya uangalizi upande ambako maji ya ardhini yanaelekea, na kila mara upime nitrati, nitriti, fosfeti na pH kwa pamoja. Nitriti ikianza kupanda, acha kuongeza ethanoli siku hiyohiyo.