Poti 80 haihitaji programu yako iwe root

Msomaji ameandika: programu yake ya Node (kiendeshaji cha JavaScript) inakataa kuwaka kwenye poti 80, mlango wa kawaida wa tovuti, inatoa "EACCES: permission denied". Akitanguliza sudo, amri ya kuendesha kitu kama root (msimamizi mwenye ruhusa zote), inawaka. Aiache hivyo?

Asiiache. Linux, kwa kawaida yake, haimruhusu mtumiaji wa kawaida kufungua poti iliyo chini ya 1024. Sudo inaifungua, ila inafungua na mengine yote: tundu moja kwenye sehemu ya kupakia picha, na mvamizi anasoma /etc/shadow, faili la nywila zilizofichwa za watumiaji. Programu inahitaji ruhusa moja tu, basi ipewe hiyo moja.

Wengi hukimbilia amri hii, inayolipa faili ruhusa ya kufungua poti za chini:

sudo setcap 'cap_net_bind_service=+ep' /usr/bin/node

Inafanya kazi, lakini ruhusa imekaa kwenye faili la node, si kwenye programu yako. Yeyote mwenye akaunti kwenye seva hiyo akiendesha node, anayo. Kuiweka kwenye faili la .js hakusaidii kitu. Tena ukisasisha Node, faili jipya linakuja bila ruhusa na tovuti inagoma kuwaka. Amri ya getcap /usr/bin/node itakuonyesha patupu.

Kwangu mimi, systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, ndiyo njia safi. Tengeneza mtumiaji, tuseme duka, kisha kwenye faili la huduma, chini ya [Service]:

User=duka
AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE
CapabilityBoundingSet=CAP_NET_BIND_SERVICE

Endesha systemctl daemon-reload, uwashe huduma upya. Halafu hakikisha: sudo ss -tlnp inakupa namba ya mchakato ulioshika poti 80, na ps -o user= -p ikifuatwa na namba hiyo lazima ijibu duka. Ikijibu root, mstari wa User haujasomwa.

Ukitumia Nginx, seva ya wavuti inayopokea wageni na kuwapeleka kwa programu yako, yenyewe ishike 80 na 443, programu ibaki 127.0.0.1:3000, yaani ndani ya seva tu. Ukiacha 0.0.0.0, yaani anwani zote, umeweka mlinzi getini na uani hakuna ukuta.

Na hili la kuhamishia SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, poti 2222, mtindo ambao siupendi: ipo juu ya 1023, kwa hiyo sshd (huduma ya SSH kwenye seva) ikianguka, mtumiaji yeyote wa ndani anaweza kuidaka poti hiyo na kuweka sshd bandia. Kompyuta yako italalamika kwamba ufunguo wa seva umebadilika na kukataa kuunganisha, nawe kwa haraka zako utafuta ufunguo wa zamani na kuandika yes. Ukilazimika kuhama, chagua poti isiyotumika chini ya 1024, ifungue kwanza kwenye ngome (firewall), na usifunge dirisha ulilomo mpaka la pili liingie.