Betty White na mchezo wa neno moja

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nilimfahamu Betty White kupitia tamthilia ya vichekesho ya The Golden Girls. Tangu alipofariki, nimekuwa nikikutana na vipande vya zamani vya televisheni, picha zake nyeusi na nyeupe, ambamo haigizi chochote bali ameketi mezani akibahatisha maneno. Wapo wanaovienzi vipande hivyo kuliko tamthilia zake. Je, mwigizaji hukumbukwa kwa bahati nasibu ya maneno?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, salamu zako zimefika. Mchezo huo ni Password, ulioanza kurushwa na kituo cha CBS cha Marekani tarehe 2 Oktoba 1961, na kwa kweli bahati ilikuwa na nafasi ndogo ndani yake. Mtu mashuhuri aliunganishwa na raia wa kawaida. Mmoja wao alipewa neno la siri, naye alipaswa kumfikisha mwenzake kwenye neno hilo kwa dokezo la neno moja tu. Aliyelipata kwa dokezo la kwanza alijipatia alama 10, na kila dokezo lililopotea lilipunguza alama moja. Watazamaji walikwisha kunong'onezewa jibu, kwa hiyo walichokaa kukitazama ni nyuso za watu wanaolitafuta.

Ndiyo maana nakubaliana na hao wanaovienzi. Katika The Golden Girls, tangu 1985 hadi 1992, White alikuwa Rose, mwanamke mwema asiyeelewa jambo upesi, na aliigiza vizuri kiasi kwamba wengi walidhani ndivyo alivyo. Mtazame sasa mezani, ambako hakuna mwandishi aliyemtungia maneno: anamwinamia mwenzake, macho yameganda kwenye uso wa mtu ambaye pengine wamejuana siku hiyohiyo, halafu anatoa dokezo huku akiichezea sauti, kwa kuwa sauti nayo ni dokezo. Ukishauona wepesi huo wa akili, ndipo unapotambua ni kazi kubwa kiasi gani iliyomfanya Rose aonekane mzito.

Tena kuna jambo ambalo tamthilia haiwezi kukupa. Mwendeshaji wa mchezo huo alikuwa Allen Ludden, mjane mwenye watoto watatu, na ni hapo walipofahamiana. Alipomposa, White alikataa kwa muda wa mwaka mzima, naye Ludden akaivaa pete ile shingoni kwenye mkufu akingoja. Walioana tarehe 14 Juni 1963. Saratani ilimchukua Ludden tarehe 9 Juni 1981, siku chache kabla ya kutimiza miaka 18 ya ndoa yao. White hakuolewa tena, na baadaye alisema kwamba aliujutia mwaka ule alioupoteza kwa kukataa. Kwa hiyo anapocheka na mwendeshaji katika vipande vya mwanzoni, unachokitazama ni uchumba wenyewe, mbele ya kamera, bila mpiga picha wa harusi.

Hazina hii ingeweza kutoweka. Kanda zilikuwa ghali, na vituo vilizoea kufuta vipindi ili kurekodia vingine juu yake. Karibu vipindi vyote vya Password vilivyorushwa na kituo kingine, ABC, kati ya 1971 na 1975 viliangamia hivyo, na naliona hilo kuwa hasara ya kusikitisha.

Michezo hiyo haikuwa kwake kazi ya pembeni: mwaka 1983 alipata tuzo ya Emmy kwa kuendesha mchezo wa Just Men!, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo ya waendeshaji. Alifariki tarehe 31 Desemba 2021, siku 17 kabla ya kutimiza miaka 100. Ukimaliza vile vya rangi nyeusi na nyeupe, tafuta Million Dollar Password ya 2008, mchezo uleule kwa jina jipya: ana miaka 86, Ludden hayupo, naye bado anamwinamia mwenzake.