Maswali ya Wasomaji: Kuchagua Kibano cha Mashine ya Kukereza Mbao

Swali: Nina mashine ndogo ya kukereza, ya kuwekwa juu ya meza. Kipande kikubwa zaidi kinachoweza kuzunguka humo ni cha kipenyo cha milimita 300. Nataka kununua kibano changu cha kwanza cha taya nne, cha kushikia mbao inapozunguka, hiki ambacho mafundi wengine hukiita chaki. Nitazame nini kwanza?

Jibu: Tazama hesi (mikato kama ya skrubu) za spindeli ya mashine yako, ule mhimili unaozunguka ambao kibano hufungwa juu yake, kabla ya kutazama kibano chochote. Mashine nyingi ndogo zina spindeli ya inchi 1 yenye hesi 8 kwa kila inchi. Kubwa kidogo huwa na inchi 1¼ yenye hesi 8, au M33, yaani ya kipenyo cha milimita 33, yenye hatua (umbali kutoka ncha ya hesi moja hadi ncha ya inayofuata) ya milimita 3.5. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazowaponza wanunuzi: inchi 1¼ ni milimita 31.75, kwa hiyo kwa macho hazitofautiani na M33, lakini hatua zake si sawa, na ukilazimisha kufunga unaharibu spindeli na kibano pamoja. Pima kipenyo cha nje kwa venia, kile kipimo chenye taya mbili za kuteleza, kisha pima urefu wa hatua tano, kutoka ncha ya hesi moja hadi ncha ya hesi ya sita. Ukipata karibu milimita 15.9, una hesi 8 kwa inchi. Ukipata 17.5, una M33.

Vibano vingine vina hesi zilizokatwa moja kwa moja mwilini. Vingine hupokea adapta, kipande chenye hesi kinachokaa kati ya kibano na spindeli. Cha hesi za mwilini ni kifupi kidogo na kinakaa karibu zaidi na beringi. Hata hivyo, kwa kibano cha kwanza sisi tungechukua cha adapta. Siku ukinunua mashine kubwa, utabadilisha adapta peke yake, na kibano na taya zote zitabaki kuwa na kazi.

Kwa mashine ya milimita 300, mwili wa kibano wa milimita 90 hadi 100 unatosha. Cha milimita 120 na kuendelea ni kizito. Kinaibebesha mota mzigo kila unapowasha, na kwa kuwa ni kirefu kinaisogeza kazi mbali na beringi, ambako mtetemo huongezeka.

Kuhusu taya, usivutwe na sanduku lenye seti sita. Anza na seti ya milimita 50 na ile skrubu nene ya kubanwa katikati ya taya, ambayo kwa kawaida huja pamoja na kibano. Seti nyingine nunua kazi inapozidai, na ziwe za mtengenezaji yuleyule, kwa sababu mara nyingi matundu ya skrubu za taya hayalingani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine.

Jambo la mwisho ni namna ya kukaza. Vibano vya bei ya chini hukazwa kwa vyuma viwili, kimoja kila mkono, na hapo huna mkono uliobaki wa kushika gogo. Cha ufunguo mmoja hukuachia mkono mmoja huru. Kama fedha inaruhusu, chukua cha ufunguo.

Swali: Nina kibano cha taya tatu kutoka mashine ya kukereza chuma, na hesi zinaingia. Kwa nini ninunue kingine?

Jibu: Kwa sababu kile kimeundwa kushika chuma. Taya zake hugusa mahali pembamba patatu tu. Kwenye mbao hapo panabonyea, na kipande kinalegea huku kikizunguka. Tena taya hizo zikifunguliwa hutokeza nje ya mwili wa kibano. Kikizunguka kwa kasi huzioni, na vidole vyako viko hapo karibu kwenye egemeo la patasi. Tafadhali usikitumie. Mpaka upate kibano cha mbao, sahani ya chuma ya kufungia kipande kwa skrubu ni salama zaidi.

Swali: Mabakuli yangu ya milimita 250 yanachomoka kwenye kibano patasi ikinasa kidogo tu. Ulimi ninaoacha chini ya bakuli, ile sehemu ya duara inayobanwa na taya, ni wa kipenyo cha milimita 40, na ninakaza kwa nguvu zangu zote. Je, kibano changu ni dhaifu?

Jibu: Kibano hakina kosa. Ulimi wako ni mdogo mno, na kukaza kwa nguvu zote kunazidi kuponda nyuzi zake. Kwa bakuli, ulimi uwe kati ya theluthi moja na mbili ya tano za kipenyo. Kwa milimita 250 hiyo ni takriban 83 hadi 100. Hapo unahitaji seti kubwa ya taya, ya milimita 100 hivi, kwenye kibano hichohicho. Angalia kwanza kipimo chake zikiwa karibu kufungwa, ndipo uchonge ulimi.

Taya huchongwa kama pete moja, kisha pete hiyo hukatwa vipande vinne. Kwa hiyo zinafanya duara kamili kwenye upana mmoja tu, kwa kawaida pale nafasi kati ya taya na taya inapokuwa milimita 3 hivi. Ukizifungua sana ili kushika ulimi mnene, kinachogusa mbao ni pembe nane za taya, sehemu ya katikati inaelea. Zifunge mpaka ibaki nafasi hiyo ya milimita 3, pima mdomo wa ndani, ongeza milimita 1 au 2, na hicho ndicho kiwe kipenyo cha shina la ulimi, pale unapokutana na bega, yaani ule uso wa bakuli unaouzunguka ulimi.

Bega ndilo linalozuia bakuli lisiyumbe. Lichonge liwe bapa, lilale juu ya uso wa taya pande zote. Ulimi wa milimita 6 hadi 10 unatosha kwa bakuli la kawaida, mradi ncha yake isiguse sakafu ya kibano. Ikigusa, bega linaelea na hakuna kukaza kutakakosaidia. Acha nafasi ya milimita 2. Kama taya zako zimekatwa mshazari, ulimi nao ufuate mshazari huohuo, mwembamba kwenye shina na mpana kwenye ncha.

Mbao mbichi inataka uangalifu zaidi, maana inabonyea taratibu. Zima mashine baada ya dakika chache, kaza tena kidogo, na uache kichwa cha nyuma, kile cha upande wa pili wa mashine unaokabili kibano, kikisukuma kipande kwa muda wote ambao hakikuzuii. Bakuli likikauka, ulimi huwa umegeuka yai. Ukereze upya kabla ya kuurudisha kwenye taya.

Swali: Badala ya ulimi, naweza kuchimba shimo na kutanua taya kwa ndani?

Jibu: Ndiyo, chini ya bakuli pana lenye unene wa kutosha. Kina cha milimita 4 au 5 kinatosha, na mbao inayozunguka shimo isipungue milimita 15. Kaza kwa kiasi, kwa sababu taya zinazotanuka hupasua mbao kufuata nyuzi zake. Kwenye kipande ambacho nyuzi zake zinakwenda sambamba na spindeli, kama kikombe, tumia ulimi.

Swali: Kibano kimegoma kufunguka kutoka kwenye spindeli.

Jibu: Usitumie pini ya kugawia duara kuzuia spindeli, itavunjika au itavunja tundu lake. Shika spindeli kwa spana au kwa kizuizi chake chenyewe, bana kipande kirefu cha mbao ngumu ndani ya taya, kisha kigonge kwa nyundo ya mbao kuelekea upande wa kufungua. Kikitoka, safisha hesi kwa mswaki na uweke pete nyembamba ya plastiki (washa) kati ya kibano na bega la spindeli.