Johns Hopkins si udaktari peke yake

Ndugu yangu, umeuliza kama Johns Hopkins, chuo kikuu cha binafsi cha Marekani, ni chuo cha madaktari tu, na kama "binafsi" maana yake anaingia mwenye pesa tu. Hapana, kwa yote mawili.

Binafsi maana yake si mali ya jimbo la Maryland. Kina bodi yake ya wadhamini. Ila fedha nyingi za utafiti hutoka serikali kuu ya Marekani, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa.

Kilifunguliwa 1876 mjini Baltimore kwa urithi wa mfanyabiashara Johns Hopkins (ndiyo, Johns yenye s, si kosa la uchapaji). Rais wake wa kwanza, Daniel Coit Gilman, aliiga vyuo vya Ujerumani: mwalimu atafute maarifa mapya, na mwanafunzi akae naye semina na maabara, si kunakili mihadhara tu. Shule ya udaktari ilikuja 1893, ikapokea wanawake tangu siku ya kwanza. Leo kuna uhandisi, afya ya jamii, hata muziki pale Peabody, shule yake ya muziki.

Kuhusu ada, usikate tamaa kwa kuona bei iliyoandikwa. Mwaka 2018 tajiri Michael Bloomberg, aliyesoma hapo, alitoa dola bilioni 1.8 kwa misaada ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Lakini mwanao kama si raia wa Marekani, soma kando masharti ya wanafunzi wa kigeni. Ni mengine kabisa. Na kama anataka shahada ya uzamivu (PhD), aanze kwa kutafuta profesa, jina la chuo baadaye.