Mubirizi na vidonge vya kisukari

Dada, pole kwa ugonjwa wa mama. Umeuliza kama anaweza kuacha vidonge na kubaki na mubirizi tu, lile jani chungu la dawa ya kienyeji. Hapana, tafadhali asiache. Jani lile linaweza kweli kushusha sukari, na hatari iko hapo hapo: kama anameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, viwili hivyo vinaweza kushusha kwa pamoja, tena vibaya zaidi akiwa hajala. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, mpe maji ya sukari mara moja ikiwa bado anameza vizuri, halafu kimbia naye kituo cha afya.

Mwambie daktari wake wazi kila anachokunywa, hata kile alichonunua Kadutu sokoni. Asione haya.

Cha kuongeza juu ya vidonge kipo, na kimepimwa: kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, na milima yetu ya Bukavu inatosha kabisa, ila aanze polepole na achunge miguu isipate vidonda. Bugali apunguze, lengalenga (mchicha) aongeze. Kama ana presha pia, makayabu, yaani samaki wa chumvi, yawe mara chache sana.